Nilikwenda Mkutanoni Nakuru, Nikagawa Cherehani ya Mama

Molo, Jumamosi, tarehe 19 Septemba 1959. Asubuhi ukungu mzito mpaka saa nne, kisha jua dhaifu lisilokausha nguo.

Kwako Bi. Safiyo,

Baada ya salamu, nina jambo lililonishinda kulimaliza peke yangu, nami naomba unishike mkono kabla ya tarehe 3 Oktoba, kwa sababu nitakayoieleza. Mimi ni mwalimu wa shule ya shamba huku Molo, nina miaka ishirini na moja, nimesoma sekondari miaka miwili, na tangu siku za shule naandika shajara kila jioni, tarehe, hali ya hewa na yaliyotokea, wala sijaruka siku, isipokuwa ukurasa wa Jumatano tarehe 26 Agosti una hali ya hewa tu, na ukurasa huo ndio unaonifanya nikuandikie.

Chama chetu cha wanawake kilinichagua niende Nakuru kwenye mkutano wa vyama vya wanawake, siku tatu, kwa kuwa naandika haraka, nami niliandika kila kitu, habari za kuchemsha maji, maziwa ya watoto, mishono ya nguo za shule, mpaka kurasa kumi na nne. Jumatano baada ya chakula ratiba ilisema, "Matembezi ya kuuona mji." Tulipangwa wawili wawili kama watoto, bibi mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana akatangulia akituonyesha, hii ni posta, ile ni stesheni, hapa ni soko, na kule chini, ule utepe wa rangi ya waridi, ni ndege wa ziwani. Wenzangu walishangaa, nami nikajitahidi kushangaa pamoja nao, lakini Bi. Safiyo, mji ule ni wangu, nimezaliwa pale, nikakulia Bondeni, baba yangu akifanya kazi ya reli, mpaka mwaka 1953 tulipopakiwa lori na serikali wakati wa hali ya hatari, pamoja na Wakikuyu wengine tukapelekwa Murang'a, mahali ambapo mimi sikuwahi kulala hata usiku mmoja, na huko baba akafa.

Niliyepangwa naye, Chepkemoi, mjumbe kutoka Kericho, aliniona nikigeuka kona kabla hatujaonyeshwa njia.

"Mwalimu, wewe umetumwa utuchunguze nini? Unatembea kama mwenye mji."

Nikamwambia nilikaa hapa utotoni.

"Basi tukuvike ile kofia, utuongoze wewe." Kisha akaona uso wangu, akaacha mzaha. "Nenda ukaone kwenu. Wakihesabu, nitasema tumbo linakusokota."

Nikateremka Bondeni. Bomba la maji limehamishiwa upande wa pili wa barabara, nami nilisimama mahali lilipokuwa zamani kana kwamba debe langu liko kwenye foleni. Nilisikia filimbi ya treni ya alasiri, ile ambayo mama aliitumia badala ya saa, ikilia tu alikuwa akinituma maziwa, na miguu yangu ilitaka kwenda dukani yenyewe. Nikanusa mbaazi za nazi zikichemka mahali, nikaona watoto wengine wameketi kwenye kizingiti chetu, wakanitazama kama mgeni, na kwa kweli nilikuwa mgeni, nimevaa beji ya mkutano kifuani.

Sasa nieleze habari ya cherehani. Asubuhi ile ya lori tulipewa nusu saa, kila mtu achukue anachoweza kubeba. Mama alikuwa na cherehani ya mkono aliyonunuliwa na baba nilipozaliwa, alishonea barazani sare za shule na nguo za ndani za wanawake, na mlio wake ndio ulionilaza tangu utotoni. Akaikabidhi kwa Bi. Kuluthum, jirani yetu wa ukuta mmoja, akamwambia, "Niwekee, utaniletea kwa treni." Haikuja. Mama alingoja miaka mitatu, kisha akaanza kusema Kuluthum ametula, na mwaka jana tuliporuhusiwa kurudi huku, yeye kuchuma pareto na mimi kufundisha, hakuweza kwenda kuuliza, kwa sababu hatoki shambani bila karatasi. Mimi nami nilisema. Chama chetu kilipokuwa kikijadili ukosefu wa cherehani, nilisimama nikasema yetu iko Nakuru inamnenepesha mwizi, wanawake wakacheka, nikaandika katika shajara kwamba walicheka.

Nikabisha hodi.

"Hodi ya nani hiyo, mbona haina jina?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Ni Mugure."

"Mugure wako wengi."

"Mugure wa ukuta huu."

"Yule aliyekuwa akiniibia mahamri na kulifunika sinia vizuri nisijue?"

"Ndiye mimi, Bi. Kuluthum."

"Umekuwa mrefu bure. Keti, usisimame mlangoni kama mdai kodi."

Alikuwa amevaa miwani iliyofungwa uzi, kanzu mapajani, anashona upindo kwa mkono, na nyuma yake, juu ya sanduku, kulikuwa na kitu kimefunikwa leso. Nilikijua kwa umbo lake. Nikaenda nikainua leso bila kuomba ruhusa, nikaona chuma kinang'aa, na tone la mafuta bado bichi penye gurudumu.

"Kila Ijumaa naitia mafuta," akasema. "Isipotiwa itakauka koo."

"Na kanzu hizi?"

"Upindo nashona mimi. Mishono mirefu nampelekea fundi pale sokoni, aniibie nusu ya faida yangu, mchana kweupe."

"Miaka sita una cherehani chumbani na unampelekea fundi?"

Akavua miwani akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza jambo la aibu. "Niliambiwa niweke. Sikuambiwa nitumie. Hii ni amana, mwanangu, hata kidole cha kuijaribu sijatia, ila cha mafuta."

Kisha akanitolea bahasha. Ilikuwa barua ambayo yeye na mumewe walimwandikia mama mwaka 1953 kuuliza tumo katika kijiji gani, imerudishwa na posta, imepigwa mhuri kwamba mwenyewe hapatikani. Mume wake, Mzee Hemed, aliipeleka cherehani stesheni mara mbili kwa mkokoteni, akaambiwa alete karatasi ya serikali na anwani ya mpokeaji, naye hakuwa na hata kimoja.

Halafu akaniuliza swali ambalo nalisikia mpaka leo. "Mama yako ananitaja vipi huko?"

Bi. Safiyo, ningeweza kunyamaza, ningeweza kusema anakusalimu, lakini niliona vidole vyake vilivyotobolewa na sindano, nikakumbuka kicheko cha chama, aibu ikanijaa, nikasema, "Mama amesema cherehani ni yako. Ishonee."

"Amesema hivyo kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

Hakuridhika. Akamwita mumewe atoke uani, akaniambia, "Sema tena, Hemed asikie, kitu kikitolewa huwa na shahidi." Nikasema tena, mbele ya shahidi, bila kutikisika. Mzee Hemed akasema, "Alhamdulillah, mama yako ni mtu," akarudi uani akijifuta macho na ukingo wa shati. Bi. Kuluthum akaweka kanzu chini ya sindano, akazungusha mkono wa cherehani, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, na ule mlio ukaanza. Niliketi sakafuni nikaegemea ukuta, na kwa muda ule baba alikuwa hai, lori halijaja, na upande wa pili wa ukuta mama alikuwa akikata uzi kwa meno. Sijawahi kufurahi hivyo tangu tuondoke Nakuru, na furaha yenyewe niliipata kwa uongo.

Nilirudi bwenini kabla ya chakula cha jioni. Nilipofika nyumbani Ijumaa mama aliniuliza kabla sijatua kikapu, "Ulipita Bondeni?" Nikamjibu hatukupewa nafasi ya kutoka. Wiki iliyopita karani wa shamba, Kipkoech, alimpa karatasi ya kwenda Nakuru kuonyesha macho, Jumamosi tarehe 3 Oktoba, na mama anasema daktari atangojea, kwanza anapita kwa Kuluthum, maneno ameyapanga, nami nifuatane naye. Amekwisha kununua nyuzi nyeusi na nyeupe. Mgongo wake hauinamii tena pareto kama mwanzo, anasema akipata cherehani ataacha shamba, ashone. Nikimwambia nimeitoa, nitamvunja moyo, nisipomwambia, atamtukana mlangoni mwanamke aliyemwekea mali yake miaka sita bila kuigusa, na yule naye atamjibu, "Lakini ulinipa." Nifanye nini?

Nakuheshimu,
M., Molo.

Jumapili asubuhi, tarehe 20, manyunyu. Naongeza mstari huu kabla ya kufunga bahasha. Jana nililala saa tisa kasoro robo usiku.

JIBU LA BI. SAFIYO

Mwalimu, barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa ajili ya hiyo tarehe 3. Nakupa pole kwa nyumba uliyotolewa kwa nusu saa. Ningekuwa wewe, nami ningesimama palipokuwa bomba. Pole imeishia hapo.

Ulikuwa na aibu yako mwenyewe, ukailipa kwa mali ya mama yako. Kama ulitaka kumheshimu Bi. Kuluthum, ungemwambia, "Nilikuita mwizi mbele ya watu, nisamehe." Hilo lilikuwa lako, ungeweza kulitoa. Cherehani haikuwa yako.

Wala usijidanganye kwamba ulimtendea wema. Mimi nimelelewa katika nyumba kama ile, najua alichokuuliza. Mtu aliyewekewa amana hulala nayo kama mgonjwa ndani ya nyumba, na Bi. Kuluthum aliibeba miaka sita mpaka ukafika wewe na beji yako. Alikuuliza mara moja, akakuuliza mara ya pili, akamleta na shahidi, kwa sababu alikuwa akiogopa jambo hilohilo ulilomfanyia. Leo anaishonea amana ya watu na hajui. Kila upindo anaoushona unaongeza deni ambalo hakulitaka. Ungemwambia ukweli, asingeigusa, naye angelala usingizi mzuri kuliko wewe.

Unaniandikia kana kwamba unawahurumia wazee wawili wasivunjike moyo. Wazee hao wamevumilia lori, kifo na barua iliyorudishwa, wataustahimili uongo wa binti mmoja. Unayemhurumia ni wewe.

Sasa fanya hivi. Mwambie mama yako asubuhi, kabla hajaenda pareto, akiwa ameketi. Anza na cherehani: iko, inang'aa, inatiwa mafuta kila Ijumaa. Mwambie habari ya barua na ya mkokoteni wa stesheni. Mwache anyamaze kadiri anavyotaka, kwa maana utakuwa umemnyang'anya hasira aliyoishi nayo miaka mingi, na hasira ya namna hiyo haiondoki mara moja. Ndipo umwambie ulichosema wewe na mbele ya nani. Usilie kabla yake. Usimwambie namna ya kuamua. Anaweza kuichukua, anaweza kuitoa, wanaweza kushona wote wawili kwa zamu, hilo ni la wenye cherehani, na wewe si mmoja wao.

Siku hiyohiyo mwandikie Bi. Kuluthum kwa mkono wako, kwa jina lako kamili. Umwombe aifunike mpaka mama yako afike. Mtaje Mzee Hemed ndani ya barua, kwa kuwa ulimfanya shahidi wa uongo naye ana haki ya kujua. Jumamosi ya tarehe 3 fuatana na mama yako mpaka mlangoni, ubebe kikapu, ukae kimya mpaka uulizwe. Na daktari wa macho asisahauliwe, karatasi ya kutoka shambani haipatikani kila mwezi.

Katika mkutano ujao wa chama simama palepale ulipochekesha watu na uwaambie mwizi hakuwako. Hawatacheka. Simama hata hivyo. Kisha rudi kwenye ukurasa wako wa Jumatano uujaze, yote, pamoja na ile furaha ya sakafuni, maana hiyo haikuwa uongo.

Jambo la mwisho. Majina yote katika barua yako nimeyabadilisha. Cherehani sikuweza kuibadilisha, na gazeti hili husomwa kwa sauti kwenye mashamba ya Molo kila Jumapili baada ya kanisa, kwa faida ya wasiojua kusoma. Basi una mpaka Jumamosi hii, tarehe 26 Septemba, kabla mama yako hajaisikia.