Nusu ya Mbele

Jumatatu, 2 Machi 2009

Sura ya saa za ziada, tena. Nasoma kazini getini, lori moja likipita nangoja jingine. Bosi wa yadi anatafuta karani wa mishahara. Atampa mtihani kila mmoja wetu, mimi na wifi Sekela wa stoo. Kitabu cha chuo ni kimoja, tulichanga. Amosi, mume wangu, akashauri tukikate. Kisu cha jikoni, katikati ya mgongo. Mbele mimi, nyuma dada yake. Jumapili tunabadilishana. Nilimsifu kwa wazo hilo.

Jumatano, 4 Machi

Mshahara ghafi sasa naukokotoa huku nasonga ugali. Makato bado: kodi, pensheni, mkopo wa mfanyakazi. Yote yako nusu ya nyuma. Nikiipata meza ile naagana na vumbi la malori. Naitaka mno.

Jumapili, 8 Machi

Nilikwenda kanisani na nusu yangu nimeifunga kwenye khanga. Sekela mikono mitupu. Eti yake kaisahau Ivuna, kwenye msiba wa mjomba. Hata yangu hakuiomba. Nikadhani ni aibu.

Ijumaa, 13 Machi

Mtihani. Makato matupu, mwanzo hadi mwisho. Niliandika jina langu, basi. Sekela hakuinua kichwa. Nikamwona ana akili kuliko mimi.

Jumapili, 15 Machi

Kwa mama mkwe. Namsaidia kuanika godoro, nusu ya nyuma ikaanguka. Mama hana hili wala lile: "Aa, hicho wifi yako alikuwa anakisomea hapa jioni. Amosi anamuuliza, yeye anajibu."

Amosi. Aliyekuwa ananiaga kwamba anakwenda kwaya.

Nilimkabili nyumbani. Hakukana. Akasema Sekela alishadokezwa na bosi kitakachoulizwa. "Yule ni mdogo wangu, hana mtu. Wewe unaye: mimi."

Sina.

Alhamisi, 19 Machi

Sekela yuko ofisini, chini ya feni. Mimi getini. Akipita ananisalimia kwa jina la mwanangu, kwa heshima zote. Namchukia. Amosi namchukia zaidi. Chakula namwekea, natoka nje.

Jumamosi, 28 Machi

Jioni Sekela kaja na mchele wa Kamsamba. Mishahara ya mwezi imemkwamia. Madereva wanadai saa za ziada, hajui aanzie wapi.

"Wifi, naomba ile nusu ya mbele."

Ilikuwa mezani, karibu na birika. Nikamwambia nimeisahau Ivuna.

Sijawahi kufika Ivuna. Wote wawili wanajua. Amosi akainamia kikombe chake. Sekela aliitazama ile nusu, mkono hakuunyoosha. Akamaliza chai, akaaga vizuri.

Mchele kauacha. Nimeuchagua mawe. Kesho nitaupika.