Jina ya Mwiche Haiingie mu Mashini

Mujukuu wangu Luse,

Salamu za Kashikishi. Samaki ni kidogo. Jirani Clémentine ananiandikia hii barua.

Alinionyesha filimu moja ya siku zenye hazijafika, ya namna ile unasomea kutengeneza kule Lusaka. Mutu anakufa, banaweka sauti yake mu mashini, inaita bibi yake, mujane. Nilitema mate! Na wewe unaandika eti utafanya vile na marehemu mama yako Mwiche? Uchafu! Mashini itakula bukari, ugali wetu?

Huku jina ya marehemu tunapatia mutu wa damu, tunamufunga ushanga ku mukono. Hiyo ya mama yako nilikuwekea wewe. Ndugu za mama yako banataka ipewe binamu yako Mwaba.

Kuja mbio, mujinga wangu. Nitaita, "Mwiche!" na utaniitika na kinywa chenye mate.

Nkambo yako mwenye hasira na bukari ya moto