Mimea ya Bahari na Matanga ya Baba

Ndama, Karagwe
Jumapili, 11 Julai 1993

Mpendwa mdogo wangu Projest,

Shikamoo yako imefika, nami naiitikia marahaba kabla ya yote. U hali gani huko Norwei? Unakula? Kile kikohozi ulichokitaja kimekuachia? Sisi huku tu wazima. Mama analala vizuri kuliko mimi, miguu tu ndiyo inamvimba jioni. Shemeji yako Gaspari yupo, na binti yetu Deodatha ameota meno ya mbele, basi anacheka ovyo ili watu wayaone.

Barua yako niliipokea Jumatano nikiwa zamu hospitalini Nyakahanga. Niliisoma wodini nimesimama, nikaikunja, nikaendelea kugawa dawa. Usinidhanie vibaya. Tangu tumzike Baba niko kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi. Naona kila kinachofanyika, mikono inafanya kazi, maumivu ndiyo hayaji. Sijalia hata siku moja. Watu wa hapa wameliona hilo na wamelisema.

Nilimsomea Mama barua yote. Aliuliza hizo chupa zako zilikuwa na nini hasa. Nikamweleza kama ulivyonifundisha ulipokuja likizo: kwamba baharini kuna mimea midogo mno, inaitwa planktoni, haionekani kwa macho, inaelea tu na kuishi kwa jua kama mgomba, na kwamba mwanawe anachunguza vinasaba vyake, ule urithi wa ndani, kwa sababu miwili inayofanana kabisa kwenye hadubini huweza kuwa ya koo tofauti kabisa. Akauliza, inaliwa? Nikasema inaliwa na samaki. Akaridhika. Kumbe miaka yote hii alidhani unafuga samaki.

Kisha nikamsomea yaliyotokea. Kwamba telegramu ya msiba ilipokufikia ulijifungia chumbani siku nne, hukugusa kazi, hukupokea simu, kama tunavyofanya huku: aliyefiwa hashiki jembe mpaka matanga yaishe. Kwamba siku ya pili mashine ya kupoza chumba cha chupa ilizimika, na wa kuiangalia ulikuwa wewe. Ulipotoka, chupa zote zilikuwa zimepauka, mimea imekufa kwa joto. Mimea uliyoichota bahari mbalimbali ukaitunza miaka miwili, kila ukoo na chupa yake, uliimwaga kwenye sinki, ukaandika, "bila kuhisi kitu." Hapo, Projest, nilijua kweli tumetoka tumbo moja.

Lakini nimekukasirikia pia, nikufiche nini. Hukumwambia mtu yeyote kuwa umefiwa! Huku mlango wako ukifungwa, jirani yetu Nyirabageni anajua, anakuja bila kuitwa, anakata majani ya ng'ombe, anachota maji, anaondoka. Huko hakuna Nyirabageni. Unasema mkuu wako amekwambia angekupa mtu wa kukushikia zamu kama ungesema neno moja tu. Mimi namwamini.

Sasa unaniuliza ufanye nini. Meli inaondoka Agosti kwenda kuchota mimea upya, nafasi yako bado ipo, na mkuu wako anataka jibu kabla ya mwezi huu kwisha. Wewe unasema umechoka, huoni sababu ya kuanza tena, afadhali urudi ushike kibanja cha Baba, migomba na kahawa yake. Baba mdogo Leonidas aliposikia alifurahi sana, maana ukoo umekutaja wewe kuwa mrithi, na upande wa chini magugu yameanza kuipita migomba michanga.

Mimi pia ningependa urudi. Nalisema wazi. Zamu, mtoto, Mama na shamba vimenielemea, na nyumba ile jioni ni kimya mno.

Ila kuna jambo hulijui, na Mama amenikataza kufunga barua hii bila kuliandika. Telegramu aliituma Baba mdogo. Aliandika kifo na siku ya maziko, basi.

Sisi hatukukaa matanga siku nne. Baba alizidiwa wakati kahawa imeiva, nyekundu tupu mitini. Kabla hajakata roho alituita kitandani, akasema, "Mtanizika, mtakula, kisha mwende shambani. Asiweke mtu jembe chini kwa ajili yangu." Baba mdogo alibisha sana, akasema watu watatucheka. Asubuhi ya pili baada ya maziko, wageni wakiwa bado wamelala kwenye majani yaliyotandikwa sebuleni, Mama alijifunga khanga, akachukua kikapu, akatoka kwenda kuchuma. Nyirabageni alishika mdomo. Halafu naye akachukua kikapu. Adhuhuri ilitukuta wote shambani, hata Baba mdogo, akinung'unika.

Kwa hiyo chumba chako kilipokuwa kinapata joto, sisi tulikuwa tunaanika kahawa. Nimeliandika hili nikalitazama. Najua linapaswa kuniuma. Nafikiri litaniuma baadaye.

Mama anasema agizo lile Baba aliwapa watoto wake wote, na wewe ni mtoto wake, ila halikukufikia. "Mwandikie, limfikie," alisema. "Mwana wange arudi baharini. Kibanja kitalimwa." Nilimuuliza kitalimwa na nani. Akanisogezea jembe. Basi kitalimwa na mimi na Gaspari, na Baba mdogo nitamzoea na manung'uniko yake.

Kwa hiyo panda hiyo meli, Projest. Usingoje mpaka ujisikie kutaka, maana hata mimi sijisikii kutaka chochote na bado asubuhi navaa gauni la kazi. Ila safari hii mwambie mtu huko kwamba umefiwa na baba. Mtu mmoja tu anatosha, hata huyo wa chumba cha jirani.

Barua hii nampa daktari mgeni anayerudi Ulaya wiki hii, aiposti huko ikufikie kabla hujatoa jibu. Ukijibu, niandikie pia kuhusu kikohozi. Usijifanye hukuliona swali.

Baba mdogo anakusalimu, ingawa amenuna. Shemeji yako anakusalimu na kusema magugu ya upande wa chini usiyawaze. Deodatha anataka samaki asiye na miiba. Nyirabageni anakutaja kila Jumapili kwenye sala, na jina lako halijui vizuri, anakuita Daktari wa Maji. Mungu aliyempumzisha Baba akushike juu ya bahari hiyo, akurudishie nguvu mikononi kwanza, moyo utafuata.

Mama hakukusalimu. Amesema atakusalimu ukishapanda meli.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata siku hizi nisizohisi kitu,

Stephania