Bibi Aliyekataa Kuugua

Mpendwa Bibi,

Tulipomaliza matanga ya Baba nilikuwa darasa la pili, lakini siku ile naikumbuka kuliko harusi yangu.

Wazee wa ukoo walikaa juu ya nyasi tulizotandika sebuleni. Baba mdogo Felisiani, mwanao aliyebaki, balozi wa nyumba kumi, aliyetuhubiria usawa wa ujamaa kila mkutano, alisema bila kumtazama Mama, "Shemeji arudi kwao. Ana wasichana watupu. Kibanja hiki, nyumba na migomba yake, ni cha ukoo."

Mama alimkaza mdogo wangu kifuani. Kwao nani angempokea na watoto watatu?

Ulitoka jikoni, kisu cha kumenyea ndizi mkononi.

"Felisiani, mimi nitakula kwa nani?"

"Kwangu, Mae, mama yangu."

"Nilipovunjika mguu aliniogesha nani?"

Ukamwelekezea Mama kidole.

"Huyu. Akiondoka, naondoka naye."

"Mae, unanivua nguo mbele ya wazee."

"Basi vaa."

Alisimama ghafla. Nilidhani atakupiga. Akakupita, akachukua baiskeli yake, akaenda. Wazee wakanong'ona muda mrefu, kisha wakaamua tubaki kibanjani, ila mpaka siku utakayokufa wewe.

Tangu hapo ukikohoa, nyumba nzima ilinyamaza. Mama alikupa maziwa, sisi tukanywa uji mtupu, na hakuna aliyelalamika. Ulipopata homa, majirani walikubeba kwa machela hadi hospitali ya Rubya. Mimi nilikimbia pembeni nikikushika mkono, na njiani tulipishana na Baba mdogo. Alishuka kwenye baiskeli, akauliza, "Anapumua?" Mpaka leo sijui alitaka jibu gani. Ukafumbua macho, ukamwambia, "Bado nipo."

Ulipona. Ukaishi mpaka nikamaliza chuo cha ualimu, nikapangiwa shule Bukoba mjini, nikapata nyumba ndogo Ijuganyondo. Nilikuja kuwaambia kwamba Mama na wadogo zangu sasa wana pa kukaa. Uliuliza kama ina jiko. Nikasema ndiyo.

"Sasa naweza kuugua," ukasema, ukaomba tukutandikie.

Bibi, sisi tulidhani tunakutunza.

Mama amezeeka, yuko kwangu, leo amekula vizuri. Upumzike bila haraka ya kuamka.

Mimi mjukuu wako,
binti mkubwa wa mkweo