Picha Zangu, Wimbo wa Neema

Jumatatu, 3 Novemba

Nimesahihisha madaftari ya darasa la sita, kisha nikarudi kwenye picha. Arobaini na moja sasa. Mama Ruhuza, mwalimu mkuu wetu, anaagwa Ijumaa ya wiki ijayo, na slaidi natengeneza mimi. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Nataka siku hiyo ajue kuwa ni kazi ya mkono wangu. Basi.

Jumatano, 5 Novemba

Kikao cha walimu. Eti picha bila muziki zinapooza. Kazi ya muziki kapewa Neema. Neema huyu huyu aliyehamia hapa Gungu mwezi wa saba kutoka Moshi! Nimetabasamu hadi mashavu yakauma.

Jumatatu, 10 Novemba

Kumbe Jumamosi Neema alipanda bodaboda hadi Kalinzi, kwa mama mzazi wa Mama Ruhuza. Bibi hawezi tena kushuka mjini. Kamrekodi akiimba wimbo wa Kiha aliokuwa akimbembelezea binti yake. Ofisini wamelia wote.

Mimi nimekwenda kwa bibi huyo mara mbili kuomba picha, nikanywa na kahawa yake, wala wazo hilo halikunijia. Mimi, Muha mzima! Neema hata salamu ya "mwakeye" hajui kuiitikia. Wivu unanikaba. Humu siandiki uongo.

Alhamisi, 13 Novemba

Neema kanipa flashi nihakikishe. Nimeifungua kwenye kompyuta ya shule. Picha zipo, sauti hakuna. Wimbo hakuuingiza ndani ya slaidi, kauunganisha tu kutoka kwenye laptop. Laptop yenyewe ya kaka yake, kesho alfajiri inakwenda Kasulu. Kwenye simu yake alishaufuta, ulimjazia nafasi.

Kaniuliza kama iko sawa. Nimesema iko sawa.

Ijumaa, 14 Novemba

Picha zimepita kimya. Neema anabonyeza, jasho linamtoka. Wageni wakaanza kunong'ona. Nilifurahi. Kwa muda mfupi sana, lakini nilifurahi.

Kisha akasimama. "Mama, picha hizi zote kazitafuta Madam Zuhura peke yake. Mimi nilipewa muziki tu, na nimeuharibu."

Mama Ruhuza akaja kunikumbatia mbele ya watu wote. Akasema alijua tangu zamani kuwa mimi ni mwanawe. Nilichokitaka nimekipata. Pilau imenishinda.

Jumatatu, 17 Novemba

Laptop imerudi. Neema kaja na flashi, kaomba nimwelekeze namna ya kuuingiza wimbo usipotee tena. Nimemwonyesha. Imechukua dakika mbili.

Akaniangalia. "Kumbe ulikuwa unajua, Madam."

Nimesema ndiyo.

Tumeusikiliza hadi mwisho, bibi anaimba, anakohoa kidogo, anaendelea. Neema akachomoa flashi, akaenda kumpelekea Mama Ruhuza. Hakuniambia twende.