Akina Mama Wawili Kila Siku

Njombe, 6 Juni 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku imenipasua midomo.

Mama, umenichosha! Nimeingiza hesabu zako za miezi mitatu kwenye kompyuta ya ofisi yetu ya afya. Waliojifungua kituoni kwako: wawili, wawili, wawili, kila siku ya Mungu! Tangu lini uchungu ukapanga foleni? Wastani ukiwa wawili, programu niliyoiandika kwa kanuni ya Poisson, ya matukio yasiyo na ratiba, inatoa kama siku hamsini zisizo na mzazi hata mmoja kwa mwaka, na siku sita hivi za akina mama sita au zaidi. Siku hizo za msongamano ndizo hoja yangu ya kukupatia mkunga wa pili. Mkuu wangu, Bwana Benno, ameona karatasi yako akacheka: "Wawili tu? Mmoja anatosha." Kikao cha kugawa wakunga ni tarehe 30. Niandikie ukweli.

Mwanao,
Letisia

Makambako, 13 Juni

Mwanangu Letisia,

Kamwene. Mgongo ni uleule, namshukuru Mungu.

Usinifokee. Mwaka jana niliandika sifuri, mkaguzi akaniuliza mbele ya wagonjwa kama nilikuwa nimelala. Tangu hapo, wakizidi Jumanne nawahamishia Jumatano. Jumla haijapungua hata mtu mmoja. Kwani huyo Poisson wako amewahi kuzalisha?

Mama yako

Njombe, 17 Juni

Mama,

Shikamoo, na pole na kazi.

Jumla siitaki! Nataka kila siku na watu wake, na sifuri zake. Daftari la wodi si unalo? Mimi nakupigania huku, wewe unampa Bwana Benno fimbo ya kunichapia.

Mwanao

Makambako, 24 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo.

Hesabu ya kweli ndiyo hii, sifuri kumi na moja. Kuhusu jumla nilikudanganya. Tarehe 19 Aprili walikuja saba, nami peke yangu. Sita niliwapokea. Wa saba, Tereza, alijifungulia kwenye benchi nikiwa namshona mwenzake. Nilipomfikia damu ilikuwa imekwisha kumwagika. Mtoto yupo kwa bibi yake. Tereza sikumhamishia siku yoyote, sikumwandika kabisa. Niliogopa. Je, nimhesabu?

Mama yako

Njombe, 27 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Leo sina ugomvi na wewe.

Mhesabu. Nimeshaandika saba. Kwenye kikao nitaanza na siku hiyo, na jina lake nitalitaja.

Mwanao,
Letisia