Kwa Elieza, Aliyeikimbia Sindano ya Jino

Themi, Arusha,
Tanganyika.
9 Juni 1954

Mpendwa mdogo wangu Elieza,

Pokea salamu kutoka nyumbani, penye baridi ya Juni inayoingia mpaka kwenye mifupa. Mlima hatujauona tangu juma lililopita, umejifunika ukungu. Sisi wazima, ng'ombe wazima, na kahawa imeanza kuiva kule chini karibu na mfereji. Mama yetu Yeyo naye anaendelea, ila magoti yanamsumbua, na siku hizi chakula anakisogeza tu kwenye bakuli. Sababu yake ni wewe.

Ilikuwa nikuulize hali yako, ndiyo desturi. Sikuulizi. Hali yako nimeshaambiwa na Solomoni, aliyerudi juzi kutoka huko kwenu kwenye mkonge. Kwa hiyo naliulizia shavu lako tu. Halijambo? Limepungua au limezidi? Bado unalifunga kitambaa na kuwaambia watu ni baridi? Baridi gani hiyo ya Muheza, Elieza?

Solomoni katueleza yote, tena mbele ya Yeyo, maana yule hajui kuchunga mdomo. Kasema siku hizi unakunywa uji peke yake, tena kwa upande mmoja. Kasema fizi zimetunga usaha, na dresa, yule mganga msaidizi wa shambani, alipoitoa tu sindano kwenye sufuria ya maji ya moto, wewe ulipita dirishani. Watu walicheka, kasema. Mimi sikucheka. Nilitoka nikaenda kusimama zizini bila kazi yoyote, kisha nikarudi kutafuta karatasi.

Naandika haraka, mwandiko unisamehe. Nataka gari la moshi la kesho liichukue barua hii. Nimekaa mlangoni penye mwanga, na kila mstari nikiumaliza nanyanyuka kutazama nje, sijui natazama nini. Mke wangu Namnyaki ameshaniambia ama niandike ama nikate majani ya ng'ombe, nisimzungukie.

Sikia, nataka kukusimulia habari ya jino langu, la mwezi wa Machi. Najua ulishaandikiwa na Lengai, mwenzangu wa rika. Najua pia alivyoandika: Gidion kakataa ganzi, kachokolewa jino kwa kisu, hakupepesa jicho. Habari hiyo imezunguka Themi yote mpaka Terrat, na vijana wananipisha njiani. Kisa chenyewe hakikuishia pale Lengai alipokiishia, na naogopa hicho kipande alichokuandikia ndicho kinachokuzuia kurudi kwa dresa.

Jino lilikuwa gego la chini, upande wa kulia. Lilianza kuuma wakati wa kupanda mahindi. Namnyaki akasema hospitali. Mimi nikasema kesho, na kesho yake nikasema kesho. Mdogo wangu, panga siliogopi, fisi nimewafukuza kwa fimbo, lakini kile kijichuma chembamba kikitokeza tu, viganja vinalowa, masikio yanavuma, na macho yanaingia giza. Nimekuwa hivyo tangu zamani. Hakuna aliyejua, kwa sababu nilikuwa hodari wa kupata udhuru.

Safari hii udhuru ulikuwa mzuri kuliko yote. Nilisema ganzi ni ya Wazungu na watoto. Nilisema sisi tulitolewa meno mawili ya mbele bila dawa, tukatahiriwa mbele ya watu bila kupepesa, leo nikachomwe sindano kwa ajili ya jino moja? Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Lengai akanipiga begani. Kumbe nilikuwa nakimbia, ila nakimbia huku nasifiwa.

Basi nikaenda Olorien kwa yule mzee tuliyemwita Babu Kisu, aliyetutoa mimi na wewe meno ya chini tulipokuwa watoto. Alinichungulia mdomoni pande zote. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi natoa ya mbele, ya watoto. Yana mzizi mmoja. Hili la nyuma silijui." Mtu mwenye akili angemshukuru akaenda zake. Mimi nikamshikilia atoe hivyo hivyo, maana Lengai alikuwa amesimama pale na wenzetu wengine wa rika, na mbadala wake ulikuwa sindano.

Ni kweli sikupepesa jicho. Kisu hakinitishi. Lakini jino lilikatika juu tu, mizizi ikabaki ndani, na yule mzee akafuta kisu chake akiwa na huzuni. Wenzangu wakashangilia. Lengai akaenda kukuandikia wewe, na mimi nikarudi nyumbani kutema damu.

Baada ya hapo shavu likavimba mpaka jicho likafumba. Kumeza mate ikawa kazi. Nilikuwa siwezi kulala wala kukaa, nazunguka nyumba, naishika nguzo, naiacha. Namnyaki hakubishana nami. Alikunja blanketi, akalitia kikapuni, akaniambia lori la kahawa linapita barabarani, twende hospitali ya Nkoaranga. Binamu yake Hanna ni muuguzi kule. Nilikubali kwa sababu moja tu: Nkoaranga ni kwa Wameru, hakuna mtu wa Themi atakayeniona.

Tulipofika barabarani, Lengai huyo hapo, na rungu lake na shuka safi. Eti hawezi kuniacha niende peke yangu, lazima ashuhudie, kama siku ile ya jando. Nilitamani ardhi inimeze.

Unaijua njia ya kupanda Nkoaranga, ule mwinuko wa kati ya migomba. Kila tulipopumzika nilisema uvimbe umepungua, afadhali turudi. Namnyaki alikuwa na jibu moja, "Tembea." Akina mama wa Kimeru walitupita na mikungu kichwani wakatupa pole, nami nikawaitikia kwa mkono, mdomo haukufunguka.

Pale kwenye benchi ndipo nilipoona cha mtema kuni. Harufu ya spiriti. Sufuria inachemka, na ndani yake vyuma vinagongana. Nikaomba kwenda msalani. Nilipokuwa humo nikapima nafasi kati ya ukuta na migomba, nikaona mtu mwembamba anapita. Nilipofungua mlango, Namnyaki alikuwa amesimama nje na kikapu chake, ananingoja. Nikarudi kwenye benchi.

Mganga alikuwa Bwana Eliasi, Mmeru, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Akanimulika mdomoni, akasema jino haliguswi leo. Kwanza penisilini mpaka usaha upungue, kila siku sindano ya tako, kisha ndiyo ganzi, kisha ndiyo jino. Nilikuwa nimejiandaa kukimbia sindano moja, naye kanipa ukoo mzima.

Nikajikakamua. Nikamwambia mimi ni mwanamume niliyetahiriwa, aing'oe mizizi leo leo, bila sindano. Nyuma yangu nikamsikia Lengai akiguna kwa kuridhika. Bwana Eliasi akaweka taa chini. "Bila ganzi sigusi," akasema. "Mizizi iko ndani, nitapasua fizi. Na usaha huu ukishuka shingoni utakuziba pumzi. Nimewaona waliozibwa."

Elieza, hapo nikamwona Baba. Wewe ulikuwa mgongoni kwa Yeyo, huwezi kukumbuka uso wake wa siku zile. Mimi nakumbuka. Ulianza na shavu. Watu walisema amepigwa kijicho, wakampaka mafuta ya kondoo. Alikuwa akisema haumwi. Mwisho, kabla hajafa, nilikuwa nikimshikia kibuyu cha maziwa na maziwa yanarudi yote, na pumzi yake inakoroma, na bado anasema haumwi. Miaka yote hii sikuwahi kuliunganisha shavu lile na jino. Pale kitini niliunganisha.

Nikasema, "Bwana mganga, naogopa sindano." Nilisema kwa sauti, Lengai yuko pale pale. Sauti ilitoka nyembamba, sikuitambua.

Yule bwana hakucheka. Aliniuliza kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: naogopa maumivu, au kuiona, au kuingoja? Nikafikiri. Nikamwambia kuiona na kuingoja, maumivu nayazoea. Akasema basi hilo tunaliweza. Akanilaza chali, maana mtu aliyelala haanguki. Akaifunika sahani ya sindano kwa kitambaa. Akamwambia Namnyaki akae upande wa dirisha anishike mkono, nami nimtazame yeye. Nivute pumzi fupi, niitoe polepole, na nichezeshe vidole vya miguu. Kisha akasema nikitaka aache, niinue mkono wa kushoto, ataacha. Siku ya kwanza niliinua mkono kabla hajanigusa, ili nione kama anasema kweli. Akaacha. Akangoja. Nikaushusha mwenyewe.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Tulilala kwa Hanna siku zile zote, na kila asubuhi nilitafuta udhuru kabla hata sijaamka vizuri. Siku ya ganzi yenyewe nililia. Sisemi machozi yalinilengalenga, nasema nililia, sauti ikatoka, na nikamwita Yeyo, mimi mwenye mke na watoto. Sindano ya fizi ilifinya, ikachoma kidogo, kisha shavu likafa ganzi kabisa. Wakati wa kung'oa nilisikia kuvutwa na kelele za mfupa, maumivu hakuna. Bwana Eliasi alinionyesha ile mizizi. Midogo, myeusi, haina hata maana.

Njia nzima ya kurudi Lengai alitangulia mbele, hanitazami. Nikajua sasa nimekwisha, Themi itanicheka mpaka nizeeke. Tulipofika kwenye mfereji akanivuta kando, Namnyaki asisikie, akafungua mdomo wake. Ndani kulikuwa na magego mawili yameoza mpaka kwenye fizi. Akaninong'oneza, "Ero, rafiki yangu, hiyo ganzi inashika kweli?"

Mwezi uliofuata nilimpeleka mimi mwenyewe. Alizimia kabla kitambaa hakijafunuliwa. Bahati alikuwa amelala chali. Sasa anakula nyama vizuri kuliko wewe.

Lakini si yeye wala mimi aliyekuandikia hayo. Barua aliyokutumia ilibaki vile vile, na mimi sikuona haraka ya kuisahihisha, maana kupishwa njiani ni kutamu. Mpaka juzi aliposimama Solomoni hapa uani na habari ya dirisha.

Sasa nisikilize. Usimpe mtu yeyote kisu wala koleo, hata awe anakupenda vipi. Nenda hospitali kubwa ya Tanga, Bwana msimamizi mwombe ruhusa, akikataa nenda bila ruhusa, kazi ya mkonge haiishi. Anande mkeo umchukue akae upande wa dirisha. Kula uji kwanza, usiende na njaa. Ukifika tu, kabla hujaonyeshwa kiti, mwambie mganga kwamba unaogopa sindano, na umwambie unaogopa nini hasa. Mwombe ulale. Mwombe afunike vyuma. Patana naye alama ya mkono. Akiwa mkali akakucheka, muulizie mwingine, wapo. Ukitoroka tena dirishani, zunguka urudi kwa mlangoni siku hiyo hiyo.

Na ukiona uvimbe umeshuka shingoni, au mate hayamezeki, usingoje kupambazuke. Nasema hivi kwa sababu sijui uvimbe umefika wapi leo. Solomoni alikuacha siku nyingi kidogo. Pengine unaisoma hii ukiwa umepona na unanicheka. Mungu ajalie unicheke.

Mengine ni machache. Ndama wa yule ng'ombe mweupe ni jike. Mtoto wetu Aika ameota jino la mbele, na sisi tumekubaliana meno yake yote yatabaki. Lengai anakusalimu kwa aibu. Namnyaki anamsalimu Anande, na anamwambia asikuache uende msalani peke yako. Dada yetu Simaloi na watu wote wa kanisani wanakusalimu, na Jumapili walikuombea kwa jina.

Bwana akulinde huko, ailainishe mikono ya mganga wako, akupe usingizi.

Nilipofika mstari huu nilimsomea Yeyo barua yote. Nilidhani ataona aibu kwa ajili yangu, ile sehemu ya kulia. Aliniambia nimsomee tena pale penye Baba. Kisha akasema nikuandikie hivi, kwa maneno yake: "Mwanamume asiyelia nilishamzika. Elieza aende akalie."

Nakungoja kwa roho juu, mimi kaka yako akupendaye,

Gidion